Bi Pindo na Barabara Iliyopinda

Miaka thelathini na moja Bi Pindo alikaa mbele ya cherehani ileile, katika chumba kilekile, akichungulia dirisha lilelile. Mtu angemwambia kwamba mji aliozaliwa haujui, angecheka mpaka sindano imkatikie mkononi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Watu walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka kwake ikiwa na pindo lililokwenda upande. Hata kaptura ya mtoto wa darasa la kwanza, ambayo kila mtu alijua wiki ya pili itakuwa imechanika makalioni, aliipiga pindo kama inakwenda harusini.

Yaliyomtoa kitini yalianzia kliniki. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na umri wa bintiye, alitazama karatasi ya vipimo, akaitazama tena, akavua miwani.

"Mama, sukari inapanda. Dawa nitakupa, lakini dawa kubwa unayo mwenyewe, iko miguuni. Tembea. Saa nzima, kila siku."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote."

Neno hilo ndilo lililomkosesha raha njia nzima. Bi Pindo alikuwa na mahali pa kwenda: dukani kununua vifungo, msibani, harusini, kwa mgonjwa. Huko popote hakuwahi kutumwa.

Mume wake alikuwa fundi saa. Duka alikwisha kulifunga, lakini meza yake alikuwa ameihamishia sebuleni, karibu na mwanga, na watu walimfuata hukohuko na saa zao za ukutani zilizokwama. Alipomwona mkewe akifunga kamba za raba mpya, aliinua ile lenzi yake jichoni.

"Unaondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini," alisema. "Nitakuandikia."

"Uniandikie nini? Ulioa mke, bwana, hukuoa saa."

Wiki ya kwanza alitembea juu ya tuta. Mji wao ulikuwa tambarare kama meza iliyopigwa randa, mto ukipita kando yake, na kati ya mji na mto palikuwa na tuta refu la udongo la kuzuia mafuriko. Juu ya tuta palikuwa na njia, na wote waliotumwa na daktari walitembea hapo. Bi Pindo alikwenda nusu saa na kurudi nusu saa, mto mkono huu, mabati ya nyumba mkono ule, mbele mstari mmoja usio na mwisho. Siku ya sita alirudi nyumbani akajitupa kitini.

"Nimechoka," alisema.

"Miguu?"

"Macho. Ni kama kushona shuka. Moja kwa moja, moja kwa moja, geuza, moja kwa moja. Nitakufa kwa kuchoshwa kabla sukari haijaniua."

"Basi ingia mjini," alisema mumewe bila kuinua kichwa. "Nani kakulazimisha kuukodolea mto macho?"

Hivyo ndivyo alivyoanza kupita mitaani, kila asubuhi njia mpya. Mji wenyewe ulikatwa kama kitambaa cha miraba: barabara hizi zinakwenda mtoni, hizi zinazikata zile, kila kona pembe kamili. Ilikuwa siku ya nne au ya tano, nyuma ya ghala la rangi, alipoingia barabara iliyoanza kwa adabu kama wenzake, halafu ikapinda.

Haikuwa kona. Ilipinda taratibu, kushoto, ikaendelea kupinda, ikapita nyuma ya kiwanda cha uchapaji, ikapita karakana ya seremala, ikawa inapinda tu mpaka ikagonga ukuta wa shule na kuishia hapo. Barabara nyingine zote zilizofika kwake zilikatika kama nyuzi kwenye mkasi. Mtu mwingine angepita akaenda zake. Lakini aliyekwisha kukata makwapa ya magauni elfu hawezi kuona mviringo kama ule asijiulize ulikatiwa bega gani. Fundi hapindi mkasi bure.

Alimuuliza seremala.

"Imepinda tu, mama. Nimeikuta hivyohivyo."

Alimuuliza mlinzi wa ghala la rangi.

"Aliyeichora alikuwa amekunywa," alisema mlinzi, na kuonekana mtu aliyeridhika kabisa na maelezo yake.

Kidogo mbele ya karakana palikuwa na saluni, chumba kimoja chenye vioo viwili, na msusi alikuwa mlangoni amebeba beseni la maji ya povu. Aliyamwaga barabarani. Bi Pindo alisimama kuyapisha, akayaona yanavyokwenda, na akasahau alikokuwa akielekea. Mto ulikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, upande wa kulia. Povu lilikwenda kushoto, likaingia katika ule mpindo, likafuata ukingo wake kama linaijua njia.

"Mwanangu, hebu mwaga tena."

"Nimwage nini, mama?"

"Beseni jingine. Nakuomba."

Msusi alimtazama yule mama mwenye raba nyeupe na mkoba wa kwapani, akacheka, akaingia ndani, akaja na beseni la pili. Povu likafanya vilevile.

"Maji yanaupa mto mgongo," alisema Bi Pindo.

"Kila siku. Mvua ikinyesha ndiyo utaona vituko, wateja wangu wanakuja na viatu mkononi."

"Kwa nini?"

Msusi aliweka beseni chini. "Unajua," alisema, "miaka saba niko hapa, sijawahi kujiuliza."

Siku hiyo Bi Pindo alichelewa kurudi dakika arobaini na tatu. Mumewe alikuwa nazo zimeandikwa. Bi Pindo alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, akatandaza ile karatasi kubwa ya kahawia anayochorea vipimo, akachora mpindo kwa chaki ya fundi.

Kuanzia hapo matembezi yake yakawa na kazi. Alipita kila barabara iliyoukata ule mpindo, akiangalia chini. Lakini kwenye mji tambarare macho hudanganya. Mtelemko wa unene wa kidole hauonekani. Basi akatumia jicho la pindo. Kuta za nyumba zilijengwa kwa matofali yaliyopangwa sawa, na ardhi ndiyo iliyokuwa ikishuka chini yake, kama gauni lililonyooka kwenye mwili uliopinda. Akaanza kuhesabu vidato vya milangoni, zile ngazi za kupandia ndani. Karibu na tuta, kidato kimoja. Mtaa wa pili, kimoja. Mtaa wa tatu, viwili. Kwenye mpindo, vitatu, na kwenye kiwanda cha uchapaji vinne. Ukiuvuka mpindo, vinarudi viwili, kimoja. Kila kidato alikiandika kwenye karatasi yake, na watu walianza kuvichungulia vidato vyao wenyewe kuona mama huyu kaona nini.

Binti yake, mwalimu wa hesabu, alikuja kuwatembelea mwisho wa juma, akaikuta karatasi mezani.

"Mama, hii nguo ya nani? Ina mkono mmoja."

"Si nguo. Ni mji."

Binti aliinama, akafuata tarakimu kwa kidole. "Mama, hapa kuna shimo refu limejificha. Nenda ofisi ya ardhi. Watakuwa na ramani."

Ofisi ya ardhi ilikuwa na foleni ya watu wenye bahasha na nyuso za kugombana. Zamu yake ilipofika, karani wa masijala hakumwangalia.

"Una kiwanja huko?"

"Sina."

"Una mgogoro wa mpaka?"

"Sina."

"Mirathi?"

"Hapana, baba."

Karani akainua uso. "Sasa mama, unataka nini?"

"Nataka kujua kwa nini barabara imepinda."

Karani aliweka kalamu chini. Alikuwa amekwisha kuona watu wanalia mbele ya dirisha lile, wanatukana, wanaapa. Aliyekuja na swali tupu hakuwahi kumwona. Akajikuna shingo. "Mafaili ya zamani kiasi hicho hatunayo, mchwa walishayasoma. Lakini yuko mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, anakaa karibu na tangi la maji. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Na usiende kama una haraka."

Mpima ardhi alikuwa mtu mwembamba, mrefu, aliyekaa katika nyumba ambayo kila kona ilikuwa na ramani zilizoviringishwa na kutiwa kwenye mabomba ya plastiki. Alimkaribisha kiti mara tatu, na mara tatu Bi Pindo alisema yuko sawa, akabaki amesimama na karatasi yake. Mzee aliikunjua mezani, akaiinamia.

"Nani alikupimia?"

"Miguu."

"Na hizi tarakimu?"

"Vidato vya milango."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, lakini hakikuwa kicheko cha dharau. Alisimama, akapekua mabomba yake, akatoa karatasi iliyokuwa ya manjano kwa uzee, akaitandaza kando ya ile ya kahawia. Mpindo ulikuwapo, umepakwa rangi ya buluu iliyofifia. Uliondoka mtoni upande wa juu, ukazunguka, ukarudi mtoni mbali chini, nje ya mji.

"Ulikuwa mkono wa mto," alisema. "Waliuziba mdomo wa juu walipojenga tuta, wakamwaga kifusi mwaka mzima. Halafu wakapitisha barabara juu yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kujenga nyumba pale. Mimi nilikuwa kijana. Nilishika fito za kupimia, mkubwa wangu akachungulia darubini. Ardhi unaweza kuijaza, mama, lakini maji hayasahau kwao."

"Kwa hiyo upande huu ndio uliokuwa mji," alisema Bi Pindo. "Na upande huu, kati ya mkono na mto wenyewe?"

"Huko walikuita ng'ambo."

Hapo Bi Pindo akakaa kitini bila kukaribishwa.

Alikuwa na shangazi, dada wa baba yake, aliyefikisha miaka themanini na minane, akiishi kwa mwanawe mtaa wa stendi. Shangazi huyu, ukimuuliza alizaliwa wapi, alijibu neno moja: ng'ambo. Na ukoo mzima ulijua kwamba si kweli. Nyumba aliyozaliwa, yeye na baba yake Bi Pindo, ilijulikana ilipokuwa, upande huuhuu wa mto, katikati ya mji, na hadi leo msingi wake upo. Ng'ambo ya mto hapakuwa na kitu ila mashamba. Alipoanza kupotewa na majina ya wajukuu, neno lile likawa ushahidi: mnaona, ameanza. Bi Pindo mwenyewe, mbele ya wageni, siku ya kikao cha familia, aliwahi kusema kwa upole, "Shangazi amechanganya kidogo." Tangu siku ile bibi hakulisema tena.

Asubuhi iliyofuata raba zilielekea mtaa wa stendi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Pindo. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona mapema hivi?" Bibi alikuwa kitandani, anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa, na hakuacha kukunja.

"Nimekuja kukuuliza. Ulizaliwa wapi?"

Mikono haikusimama. "Mnakosema."

"Shangazi, nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Nikisema kwangu, mnasema akili imehama. Nimeamua kuzaliwa mnakotaka nyinyi. Mtu wa umri wangu hagombani kwa ajili ya kuzaliwa."

Bi Pindo akashuka kitini, akakaa chini, magoti yakilalamika. "Palikuwa na maji, shangazi. Pale nyuma ya ghala la rangi. Ulivuka maji kwenda mjini."

Sasa mikono ikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Barabara imepinda."

"Eeh!" alisema bibi, na ile nguo ikaanguka mapajani. "Mpaka barabara ije ikwambie! Mimi na mdomo wangu nilikuwa sitoshi."

"Nisamehe, shangazi. Nilikusahihisha mbele za watu."

"Ulinisahihisha kwa sauti nzuri," alisema bibi. "Lakini iliuma."

Akaichukua tena ile nguo, akaikunja. Halafu bibi akaanza kusema, na mtu aliyedhani kumbukumbu zake zimetoboka angeona aibu. Alisema juu ya daraja la mbao tatu lisilo na mkono wa kushikia. Alisema jinsi walivyovuka na ndoo asubuhi, na jinsi kaka yake, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alivyoteleza na sinia la mikate kichwani, akatumbukia mpaka shingoni, na mikate ikaelea ikaenda zake imepangana kama bata.

"Baba hakuwahi kutuambia hilo!"

"Angewaambia aonekaneje? Aliteleza kwa sababu alikuwa anamtazama msichana aliyekaa ukingoni anafua. Yule msichana alicheka siku tatu. Siku ya nne alikuja kwetu na mikate ya kufidia. Ndiye mama yenu."

Bi Pindo alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, wazazi wake wote wawili walikuwa udongoni, na siku hiyo ndiyo aliyojua walikutana vipi. Alicheka, halafu akaona machozi yanamtoka, akayaacha.

"Nipeleke," alisema shangazi.

Walimpeleka Jumapili asubuhi, kwa kiti cha magurudumu kilichoazimwa kwa jirani. Fundi saa alisukuma. Mpima ardhi alikuja na ramani yake ndani ya bomba. Walipofika nyuma ya kiwanda cha uchapaji, mzee akasimama, akapiga mguu chini.

"Daraja lilikuwa hapa."

"Halikuwa hapo," alisema shangazi.

"Bibi, ramani inaonyesha."

"Ramani haijawahi kuchota maji. Sogea mbele."

"Mimi nilishika fito mahali hapa!"

"Na mimi nilishika ndoo. Fundi, sukuma."

Mume wa Bi Pindo, aliyejua toka miaka mingi kwamba mwanamke wa ukoo ule akisema sukuma unasukuma, akasukuma. Wakaipita karakana ya seremala, na kidogo kabla ya saluni bibi akainua mkono. Mpima ardhi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. Ubishi ukapamba moto, kwa shikamoo na marahaba lakini kwa sauti za juu, mpaka msusi akatoka na kitana mkononi na seremala akaja na randa.

"Samahanini wazee," alisema seremala alipokwisha kuelewa wanagombania nini. "Hapa tulipochimba shimo la nguzo ya umeme, kina cha kiuno, tulikuta magogo. Meusi, yamesimama wima. Shoka liliruka kama limepiga chuma."

"Mkayafanyaje?" aliuliza Bi Pindo.

"Mengine tuliyaacha hukohuko. Moja nililikata. Ndio mguu wa meza yangu ya kazi."

Wakaingia karakana wote, kiti cha magurudumu kikipasua maranda. Mguu ulikuwa kama alivyosema, mweusi, mnene kuliko wenzake watatu, hauna adabu na meza. Shangazi aliinama, akaupapasa kama mtu anayepapasa paji la uso wa mgonjwa kujua kama ana homa. Mpima ardhi aliitoa ramani kwenye bomba, akaitandaza juu ya meza ileile, akatoa penseli mfukoni mwa shati, akafuta daraja lake na kulichora tena umbali wa nusu kidole.

"Andika vizuri," alisema shangazi. "Usije ukafuta kesho."

Kikao cha familia kilichofuata, mkwe mgeni, kwa kutafuta la kuzungumza, alimuuliza bibi alizaliwa wapi. "Ng'ambo," alisema shangazi, akaendelea kunywa chai yake, na watu kumi na wanane wakaitikia kwa kichwa. Na sukari ya Bi Pindo ilikuwa imeshuka, si kama daktari alivyotaka, lakini kiasi cha kumfanya aandike kitu akitabasamu.

Habari ilizunguka. Msusi alianza kutembea naye siku za mapumziko ya saluni, akaja na mteja wake mmoja, yule mteja akaja na dada yake. Bi Pindo akawa na njia mbili. Ile ya mjini ilifuata mpindo kutoka tuta mpaka ukuta wa shule, na kila aliyeipita alitakiwa kuhesabu vidato mwenyewe, maana Bi Pindo hakupenda mtu aamini tu. Ile ndefu ilitoka nje ya mji, kufuata mkono wa mto mpaka unakorudi mtoni.

Mara ya kwanza kwenda njia hiyo ndefu walikuwa watano: yeye, mumewe, binti yao, msusi, na mpima ardhi aliyedai anaijua. Walipita mtaro wa nyuma ya shule, wakapita matanuri ya matofali yaliyokuwa bado yanafuka, wakauliza njia kwa wafyatua matofali, wakapotea kidogo, wakaambiwa warudi. Saa mbili baadaye wakafika kwenye matete. Hapakuwa na cha kupigia picha. Palikuwa na maji membamba, ya rangi ya chai ya mgonjwa, yakinyemelea katikati ya majani. Bi Pindo alichuma jani, akalitupa juu yake, wote watano wakainama. Jani lilikaa. Msusi akasema limekwama. Kisha likajizungusha, likaanza kwenda polepole kuelekea mtoni.

"Limekwenda!" alipiga kelele fundi saa, mtu asiyewahi kupiga kelele, na akasahau kutazama saa.

Walikula walichobeba, wakanywa maji, wakavaa viatu. Binti alikuwa amekwisha kugeuka kurudi mjini alipomwona mama yake hajatikisika. Upande wa pili wa matete kulikuwa na kijia cha miguu, chembamba, kilichokanyagwa sana, kikienda mahali ambapo hapakuonekana nyumba wala shamba wala mtu.

"Kile kinakwenda wapi?" aliuliza Bi Pindo.

Mpima ardhi alivaa miwani, akatazama kijia, akafungua ramani, akaifunga.

"Sijui," alisema.

Bi Pindo alikuwa ameshakunja sketi na kutia mguu mmoja majini.